Fisi, Zizi na Kaburi: Mnyama kama Ishara ya Mauti katika Uwanda wa Uasin Gishu

Wahakiki wa sanaa za jadi wanapoizungumzia ishara ya mnyama makaburini, aghalabu huanza na jiwe au mti uliochongwa. Pasipo na sanamu, husema hapana ishara. Kwa kipimo hicho, mtafiti atokaye mjini Eldoret na kuelekea kaskazini hadi Ziwa hana budi kurudi mikono mitupu. Makaburi mengi atakayoyaona yamo katika mashamba ya familia: tuta la udongo au saruji, msalaba, jina na tarehe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho kina kasoro. Mnyama yumo katika mauti ya watu wa uwanda huu, lakini hakuchongwa. Alitendwa, alisemwa, na aliitwa jina.

Hatukatai kwamba sanamu zipo kwingineko. Kusini mwa Madagaska, Wamahafaly husimamisha juu ya makaburi nguzo za mti ziitwazo aloalo, na juu ya nguzo hizo huonekana ng'ombe wenye nundu na ndege; pembe za ng'ombe waliochinjwa mazishini nazo hupangwa juu ya mawe. Wakonso wa Ethiopia humchongea shujaa wao vinyago viitwavyo waka, wakamweka pamoja na wake zake na maadui aliowaua, na pengine mnyama mkali kama chui. Lakini hata pwani yetu wenyewe, penye ufundi mkubwa wa kujenga, makaburi ya mnara ya Gede na Mnarani hayana sura ya mnyama. Vigango vya Wagiriama navyo vina umbo la mtu. Kwa hiyo kukosekana kwa sanamu ya mnyama si dalili ya umaskini wa fikra. Kila jamii ina mahali pake pa kuiweka ishara.

Sasa tuwatazame Wanandi, ambao wazao wao ni miongoni mwa wakazi wa Ziwa leo. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wanandi kilichotoka mwaka 1909, anaeleza kwamba mtu alipokufa, maiti yake ilichukuliwa na jamaa wa karibu usiku ulipoingia, ikapelekwa upande wa magharibi wa nyumba, ikalazwa chini ili fisi waje. Wazee sana na watoto wachanga hawakupelekwa huko. Hao walizikwa katika samadi karibu na zizi la ng'ombe. Fisi aliaminiwa kuwa na mazungumzo na mizimu ya wafu, iitwayo oiik. Nyoka aliyeingia nyumbani na kwenda kitandani hakuuawa, bali alimiminiwa maziwa, kwa kuwa huenda ni mzimu wa jamaa aliyekufa.

Maelezo haya yamerudiwa mara nyingi kwa Kiswahili, na hapa ndipo lilipo kosa tunalotaka kulihakiki. Waandishi wengi, na wasemaji pia, husema kwamba watu wa kale "walitupa maiti porini." Kitenzi kutupa si kitenzi kitupu. Hutupwa taka, hutupwa kisichotakiwa tena. Ilhali utaratibu tuliouona una mchukuzi aliyewekwa na desturi, una saa yake, una upande wake wa dira, na una namna ya kulaza. Kitendo chenye kanuni kama hizo ni ibada. Mwandishi anayekiita kutupa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kueleza, na msomaji huipokea hukumu hiyo akidhani amepewa habari.

Kosa la pili latokana na fasihi yenyewe. Katika hekaya tulizosomeshwa shuleni, fisi ni mlafi na mjinga. Ndiye anayetaka kufuata njia mbili kwa pamoja akapasuka msamba. Msomaji aliyelelewa na hekaya hizo akisikia kwamba fisi alipewa maiti, huona unajisi peke yake. Lakini ishara haina maana moja popote iendapo. Fisi wa hekaya ni kioo cha tabia za watu. Fisi wa mauti alikuwa mlango. Aliogopwa, naam, na pengine alichukiwa, lakini mlango nao huogopwa. Tena Wanandi wana ukoo, yaani oret, ambao mnyama wake ni fisi, nao ni Tungo. Kama vile Talai, ukoo wa Koitalel arap Samoei aliyeuawa mwaka 1905, ulivyo na simba, na Moi ulivyo na korongo mwenye taji. Hakuna watu wanaojipa jina la kitu wanachokidharau tu.

Zizi nalo lastahili kuangaliwa. Mzee na mtoto mchanga waliwekwa katika samadi, yaani katika kile ambacho ng'ombe huirudishia ardhi. Mmoja amekaribia kuvuka, mwingine ndiyo kwanza ameingia. Wote wawili walikabidhiwa kwa ng'ombe, si kwa fisi. Twaona basi mfumo wa wanyama wawili: wa porini na wa nyumbani, wa usiku na wa mchana. Huo ni utunzi kamili, ingawa hauna jiwe hata moja.

Huenda tukapingwa kwamba twazipamba desturi zilizokufa. Hoja hiyo ina uzito. Mafundisho ya Kikristo na utawala wa kikoloni viliiondoa desturi ya kulaza nje, na hapana anayetaka kuirudisha. Wala hatudai kwamba desturi ya Wanandi ni ya kila mkazi wa Ziwa. Uwanda huu una kumbukumbu za Wasirikwa, ambao mashimo yao J. E. G. Sutton aliyathibitisha kuwa mazizi ya ng'ombe. Ukakaliwa na Wamaasai wa Uasin Gishu. Makaburu wakafika mwaka 1908. Na baada ya uhuru wa 1963 zikaja familia za makabila mbalimbali.

Lakini yanayotushughulisha ni ya leo. Mazishini, mbele ya waombolezaji wa lugha nyingi, Kiswahili ndicho kinachounganisha. Mhubiri akimtaja mwanakondoo au njiwa, hakuna anayecheka. Ishara hizo zimepata heshima katika lugha yetu. Mjukuu akitaka kueleza babu wa babu yake alikwendaje, lugha hiyo hiyo humpa neno moja tu, nalo ni la jalala. Hapo huona haya na kunyamaza, na pamoja na ukimya wake hupotea oiik, zizi, na upande wa magharibi.

Ni wajibu wa wahakiki na wafasiri kulirekebisha jambo hili. Tuseme walilaza, au walikabidhi. Na tunapokwenda makaburini kutafuta wanyama, tuanze kwa kuwauliza wazee wa ukoo kabla ya kuyatazama mawe.