Tangulizi Inayokuja Nyuma: Vizazi vya Mashabiki na Hukumu ya The Phantom Menace

Filamu ya Star Wars: Episode I – The Phantom Menace, iliyoandikwa na kuongozwa na George Lucas, ilitoka nchini Marekani Mei 1999. Iliingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani, lakini papo hapo ikawa mfano unaotajwa mara nyingi wa matumaini ya mashabiki yaliyovunjika. Robo karne baadaye, Mei 2024, ilirudishwa katika majumba ya sinema, na safari hii ilishangiliwa na watu waliokuwa watoto ilipotoka mara ya kwanza. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida kuhusu mabadiliko haya ni mepesi: kila mtu hukipenda alichokipenda utotoni. Makala hii inadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Vizazi hivi vinatenganishwa zaidi na mpangilio wa kujua, yaani nani alijua nini, na alikijua kabla ya kipi.

Hoja hiyo inatokana na hali ya pekee ya filamu tangulizi, ambayo hutungwa baada ya nyingine ilhali husimulia matukio yaliyotokea kabla yake. Msuko wake una mwisho unaofahamika. Anakin Skywalker, mtoto mtumwa wa miaka tisa, atakuja kuwa Darth Vader. Taharuki imo katika namna atakavyofika huko. Dhana ya upeo wa matarajio ya Hans Robert Jauss inafaa hapa, ingawa yahitaji kurekebishwa kidogo, kwani huchukulia kuwa matarajio hujengwa na kazi zilizotangulia, na tangulizi huvuruga maana yenyewe ya kutangulia. Hata filamu ya 1977 iliandikwa nambari ya nne katika maandishi yake ya ufunguzi ilipotolewa upya mwaka 1981 tu. Kwa mtazamaji aliyezaliwa 1969, hiyo ndiyo iliyokuja kwanza. Kwa aliyezaliwa 1991 na kuanza na ile ya 1999, ni mwendelezo.

Kati ya Return of the Jedi (1983) na The Phantom Menace ilipita miaka 16. Mtoto wa miaka minane aliyeitazama filamu ya kwanza sasa alikuwa na miaka 30, na muda huo wote hakukaa bure. Filamu ya 1977 ilivitaja Vita vya Clone kwa kupitia tu, na kila shabiki akajitungia vita vyake. Lucas, kwa hiyo, alishindana na maelfu ya filamu ambazo hazikuwahi kupigwa picha. Wapo wanaoyapuuza manung'uniko ya kizazi hiki kuwa ni ya watu waliokataa kukua. Mimi naona yana msingi, na msingi wake ni wa kisimulizi. Mwaka 1983 Obi-Wan Kenobi alimweleza Luke kwamba baba yake alikuwa tayari rubani hodari walipokutana. Mwaka 1999 anakutana na mtoto mdogo anayesifika kwa mbio za vyombo vinavyoelea. Mwaka 1980 Yoda alitajwa kuwa ndiye mwalimu wa Obi-Wan. Mwaka 1999 mwalimu ni Qui-Gon Jinn. Kasoro hizi zinaweza kutetewa, na zimetetewa sana. Lililo zito zaidi ni kipimo cha damu. Nguvu, iliyoelezwa mwanzoni kama nishati inayounganisha viumbe hai vyote, sasa inahesabika kwa midikloriani zilizomo mwilini, na za Anakin zinazidi 20,000. Mtazamaji wa 1977 aliweza kufumba macho na kuiwazia Nguvu ndani yake mwenyewe. Hesabu hiyo ya damu ilimfungia mlango.

Watoto wa 1999 hawakuwa na ahadi yoyote ya kuvunjiwa. Hata hivyo, si kweli kwamba wao walifaidi tu. Seneta Palpatine anaigizwa na Ian McDiarmid, aliyemwigiza Mfalme mwovu mwaka 1983. Kwa anayejua, kila neno la upole analolitamka ni tishio. Katika gwaride la ushindi huko Naboo, muziki wa John Williams unaoimbwa na kwaya ya watoto umejengwa juu ya mahadhi ya Mfalme huyo huyo, yakiwa yamechangamshwa. Raia wanausherehekea ushindi kwa wimbo wa atakayewatawala kimabavu. Kwa maoni yangu, kinaya hiki ndicho kilele cha usanii wa filamu hii, na kilielekezwa kwa watu wale wale walioichukia. Mtoto aliona mzee mpole na sherehe nzuri, basi.

Alichokipata mtoto huyo ni kingine. Ufichuzi wa mwaka 1980 kuhusu baba yake Luke haukumshtua, lakini alimtazama Vader akimkumbuka mvulana aliyemwacha mama yake utumwani. Siri ilipotea, tanzia ikazaliwa. Mpangilio wa Machete, uliopendekezwa na shabiki mmoja mwaka 2011, unashauri filamu zitazamwe kuanzia ya nne na ya tano, kisha ya pili na ya tatu, na kumalizia na ya sita, ili siri ihifadhiwe. The Phantom Menace imeachwa nje kabisa. Hukumu kali kuliko hiyo ni vigumu kuipata, nayo imetolewa kwa njia ya kupanga tu.

Kizazi cha tatu kinaleta utata ambao watafiti wa upokezi hawana budi kuuzingatia. Hiki kilimfahamu Anakin kupitia tamthilia ya katuni ya The Clone Wars, iliyoanza 2008, ambamo yeye ni kamanda shupavu na mlezi wa mwanafunzi wake, Ahsoka Tano. Yale ambayo filamu za 2002 na 2005 ziliyapitia kwa haraka, tamthilia iliyapa vipindi na vipindi. Mtazamaji wa kizazi hiki anaposifu anguko la Anakin katika Revenge of the Sith, inapasa kuuliza ni matini ipi inayosifiwa. Sehemu kubwa ya sifa hiyo, naona, ni ya tamthilia.

Kuna jambo moja ambalo mpangilio wa kujua haulielezi. Tangu 1999 wahakiki kadhaa, akiwamo Patricia J. Williams, walihoji dhihaka za kimbari katika filamu hii: usemi na mwendo wa Jar Jar Binks, umbo na uchu wa fedha wa Watto, lafudhi ya viongozi wa Shirikisho la Biashara. Mapenzi ya utotoni hayaijibu hoja hiyo. Wala chuki ya mashabiki wakubwa haikuihusu sana. Wao walichukizwa na ucheshi. Chuki hiyo ilimwangukia mwigizaji Ahmed Best, Mmarekani Mweusi, ambaye mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba wakati ule aliwahi kufikiria kujiua. Mwaka 2023 alirejea katika tamthilia ya The Mandalorian akiwa Jedi Kelleran Beq, anayemwokoa mtoto Grogu, na mashabiki wakamshangilia. Shangwe hizo zilikuwa haki yake. Nyingi zilichukuliwa pia kuwa msamaha kwa Jar Jar, ilhali swali la Williams lilihusu jinsi mhusika huyo alivyotungwa, na utungo huo uliorudishwa sinemani mwaka 2024 ni ule ule wa 1999.