Kuiamsha Honda Wakati wa Kipupwe

Baba haamki tena saa kumi na moja alfajiri, lakini masikio yake huamka. Dirisha la chumba chake linatazama ua ninamoiegesha pikipiki, na jioni nikirudi, kabla hajauliza habari za shule, ananitajia hesabu yake. "Leo umepiga kiki nne." Au: "Leo umerudisha choki mapema, nimeisikia ikikohoa." Hajawahi kukosea. Aliiendesha Honda hiyohiyo miaka mingi alipokuwa bwana shamba, akipanda milima kuwafuata wakulima wa pareto, mpaka goti likakataa. Sasa ni yangu, pamoja na kazi ya kuiamsha.

Nasema kuiamsha kwa sababu hilo ndilo neno letu nyumbani. Taa huwashwa, redio huwashwa. Honda ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliyolala nje usiku wa Julai, hapa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unaiamsha kama unavyomwamsha mtu mzima: kwa adabu, na ukijua kwamba akiamka vibaya siku nzima itakuwa ya kununa.

Naanza na koki. Naifungua, nasubiri petroli iteremke kutoka kwenye tangi ijaze bakuli la kabureta. Navuta choki yote. Kisha, swichi ikiwa bado imezimwa, nakamata klachi na kukanyaga kiki polepole mara mbili, tatu. Anayepita barabarani ataniona napoteza muda. Lakini oili iliyokesha kwenye baridi imekuwa nzito kama asali, sahani za klachi zimegandana, na silinda haijaonja petroli tangu jana jioni. Zile kiki za kimya zinazibandua sahani, zinaisogeza oili, zinavuta mchanganyiko ndani. Ndipo nafungua swichi. Natafuta kwa unyayo mahali ambapo pistoni inakataa kusukumwa, naivusha hapo kidogo tu, naiacha kiki irudi juu, halafu nakanyaga mara moja, mkanyago mrefu unaofika chini, bila hasira.

Hasira ndiyo inayowachelewesha wengi. Mtu anapiga kiki kumi za haraka huku mkono wa kulia unavuta mafuta, petroli inajaa, plagi inalowa, na sasa itabidi aifungue plagi kwa vidole vilivyokufa ganzi, aifute, aikaushe, aanze upya. Baba alinifundisha kuweka mkono wa kulia mfukoni wakati wa kiki ya kwanza. Nilidhani ni ukali wa wazee. Ni kwamba mkono usiokuwepo kwenye mafuta hauwezi kukosea.

Petroli ikiwa maji haiungui ndani ya injini. Kinachoungua ni mvuke wake. Baridi inapokaza, sehemu ndogo tu hugeuka mvuke, na iliyobaki hutambaa kwenye kuta za njia ya kuingilia kama umande juu ya bati. Choki huziba mlango wa hewa ili injini inyonye petroli nyingi zaidi, na katika hiyo nyingi upatikane mvuke wa kutosha kushika cheche. Asubuhi mbaya kabisa, zile ambazo kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 3, naongeza kitambaa: nakichovya kwenye maji ya birika, nakikamua, nakifunga kwenye shingo iliyo kati ya kabureta na injini, nakiacha dakika mbili. Mama hulalamika kwamba vitambaa vyake vyote vya jikoni vinanuka petroli, na ana haki.

Inashika. Mwanzoni inagonga kavu, fito na tapeti zikilia kama cherehani ya mtu mwenye haraka. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo, na kwa macho haufanani na ufundi, maana unachofanya ni kusimama tu. Pistoni ni alumini. Silinda inamopanda na kushuka, ndani yake ni chuma. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ukipiga resi injini ikiwa ya baridi, pistoni hupata moto kwanza na kuvimba ndani ya silinda ambayo bado haijapata habari, na oili nayo haijafika kila pembe. Kwa hiyo nasubiri. Narudisha choki nusu, nasikiliza, narudisha iliyobaki pale mgongo wa sauti unapokuwa mnene na injini inaposhika sailensa yenyewe. "Mwache mzee avae viatu," baba husema. Ni dakika tatu, pengine nne. Nimezipenda kuliko saa nyingine yoyote ya siku yangu: giza linapauka, moshi mweupe unapanda hadi usawa wa paa, jogoo wa jirani anashindana na Honda, na mimi sina lingine la kufanya ila kusikiliza kitu kimoja kwa makini.

Pikipiki yenyewe ni CG125. Kampuni ya Honda ilianza kuitoa mwaka 1976, ikiwa imekusudiwa nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba gunia na watu wawili, oili hubadilishwa kwa kuchelewa, na vumbi halina likizo. Wakati Wajapani walikwishazoea kuweka kamshafti juu kabisa kwenye kichwa cha injini, wahandisi wa CG waliirudisha chini, wakazisukuma valvu kwa fito mbili za chuma. Ulikuwa mpango wa kizamani zaidi nao waliuchagua kwa makusudi, kwa sababu unavumilia. Naheshimu sana uamuzi huo. Mtu aliye mbali, mwenye uwezo wa kutengeneza kitu cha kujivunia zaidi, alimfikiria bwana shamba asiyemjua akiwa kilimani na bisibisi moja. Bodaboda nyingi za Kichina zinazopita hapa mjini zina injini ya ukoo huohuo. Vua kifuniko, utakuta fito zilezile.

Nafasi ya tapeti zake ni milimita 0.08, unene wa karatasi ya daftari hivi, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Alfajiri ya kipupwe, inayotesa kila kiungo, ndiyo saa bora ya kazi hiyo. Jumamosi moja moja baba hutoka na kigoda chake, anajifunika blanketi, ananishikia tochi. Hanigusii spana. Nikikaza vibaya anaguna tu.

Mwili nao una maandalizi yake, na hapo sina siri ambazo wenye bodaboda wa Njombe hawazijui. Gazeti la jana linalazwa kifuani chini ya sweta, juu yake koti zito la mtumba lenye zipu nzima. Glavu za sufu, na juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo, maana sufu huzuia baridi lakini haizuii upepo. Wenzangu wengi wamefunga mifuko ya ngozi bandia kwenye mikono ya usukani, wanaingiza mikono humo kama kwenye pango. Upepo ndio adui. Kwa kipimo ambacho Canada na Marekani zilikubaliana mwaka 2001, hewa ya nyuzi 5 ukiikata kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, uso wako unaisikia kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Naenda 45. Natoka mapema zaidi badala ya kukimbia zaidi. Na kioo cha helmeti, ambacho pumzi hukitia ukungu kabla hujafika kona ya kwanza, nakipaka kwa ndani kipande cha kiazi kibichi kilichokatwa sasa hivi, nakifuta kidogo kwa kitambaa kikavu. Kinakaa wazi karibu safari nzima. Katika nchi ya viazi kama hii ingekuwa aibu kununua dawa.

Shule ninayofundisha iko kilomita 24 kutoka nyumbani, upande wa barabara ya Makete. Aliye ndani ya basi huiona njia hii kuwa ya milima na misitu ya misonobari tu. Mimi naijua kwa ngozi. Hewa ya baridi ni nzito, usiku huteremka kama maji na kutuama mabondeni, kwa hiyo kila ninaposhuka kuelekea vinyungu, zile bustani za mabondeni, baridi inapanda kutoka kwenye vifundo vya miguu hadi magotini, na kila ninapopanda mgongo wa kilima napokelewa na hewa ya uvuguvugu yenye harufu ya moshi wa jikoni. Nahesabu: mabonde saba. La nne ndilo baya. Hapo sakitu hulala juu ya majani mpaka saa mbili, na wenye bustani za viazi hujua mwaka ambao majani yatageuka meusi kwa usiku mmoja. Akina mama wanaoteremka na majembe hunisalimu, "Kamwene!" nami naitika kwa kichwa, kwa kuwa kutoa mkono kwenye usukani hapo ni kuutoa kwenye uhai. Lami huwa na unyevu kwenye kivuli cha miti. Breki hushikwa kidogo kidogo, mapema, na mwili hauinamishwi.

Katika bonde hilo la nne ndipo Honda ilipoanza kunizimikia, kipupwe cha pili baada ya kuirithi.

Ilikuwa ikipoteza nguvu polepole, kama mtu anayeshikwa koo, halafu kimya. Nakaa pembeni ndani ya ukungu, napiga kiki, haina habari. Dakika tano zinapita, nakanyaga tena bila matumaini: inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikaipeleka gereji. Fundi akabadilisha plagi, akabadilisha waya wa koili, akasafisha kabureta mara mbili na kuniapia kwamba ni safi kama sahani. Ilikuwa safi kweli. Ikazima tena. "Mwalimu," akasema mwishoni, kwa upole, "hii imezeeka, inaomba kupumzika."

Siku nyingine ilipozima sikungoja. Nilifungua bomba la kichujio cha hewa palepale gizani, nikatia kidole kwenye mdomo wa kabureta, nikagusa ukoko. Nilimulika: barafu, nyeupe, nyembamba, imeziba karibu njia yote. Kwa muda ambao ningechukua kufika gereji, ingekuwa imeyeyuka na kukauka bila kuacha ushahidi. Petroli inapogeuka mvuke huchukua joto kutoka kwenye chuma kinachoizunguka, na kabureta hupoa kupita hewa ya nje. Hewa ikiwa nyuzi 4 au 5, imejaa ukungu, unyevu huo huganda ndani ya koo la kabureta ingawa nje maji hayajaganda. Ukisimama, joto la injini hupanda taratibu na kuiyeyusha barafu. Ile "kupumzika" ya fundi haikuwa uongo. Alikuwa ameona kweli nusu yake.

Jioni nilimsimulia baba. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza lile bati liko wapi.

Bati gani? Akainuka mwenyewe, taratibu, akaenda stoo, akarudi na kipande cha debe la mafuta ya kupikia, kimekunjwa pembe mbili, kimetobolewa kwa msumari mahali pa kupitishia waya. Kilikuwa kimefungwa mbele ya kabureta miaka yote aliyokwenda milimani. Kilitolewa siku Honda ilipopelekwa kupakwa rangi, na hakuna aliyekirudisha, kwa sababu kilionekana kama takataka. Nikamuuliza kama alijua kwamba kabureta inaganda. Hakujua. Alijua tu kwamba penye bati pikipiki haizimi bondeni, na bila bati inazima. Alikizungusha mkononi, akanyoosha kona moja kwa kidole gumba. "Nilipaswa kukuambia," akasema, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo sikuwa nimeiona hata siku alipoacha kuendesha.

Nimekifunga tena kwa waya uleule. Kinakinga upepo usiipige kabureta moja kwa moja, joto la injini linabaki hapo. Bonde la nne sasa nalipita.

Wenzangu shuleni huniuliza kwa nini sinunui pikipiki mpya yenye kitufe cha kuwashia. Sina neno baya juu ya kitufe, na mtu anayeamkia wagonjwa au abiria anastahili injini inayoitika kwa kidole. Ila mimi nimejifunza kusikiliza kwenye ua ule, gizani, na ninapoingia darasani nasikia pia mtoto ambaye sauti yake ya leo ni kavu kuliko ya jana. Sitaki kulipoteza sikio hilo.

Nafika saa moja kasoro dakika ishirini, mapema kuliko inavyohitajika. Uwanja bado ni wa kijivu na wanafunzi wa kwanza wameshafika, wale wanaotembea kutoka mbali, ndala miguuni, shuka za mama zao mabegani. Nasimamisha Honda kwenye ukuta wa darasa la tano, mahali pasipo na upepo, naiacha iungurume dakika moja zaidi, kisha nazima. Wanakuja bila kuitwa. Bomba la moshi liko kulia, na linaunguza. Kwa hiyo wanajipanga kushoto, viganja vimefunguka mbele ya mapezi ya silinda, na wao wenyewe wamekwishaamua utaratibu: aliyetoka mbali zaidi anasimama karibu zaidi. Injini inapoa ikilia tik, tik, tik. Wanazihesabu kwa kunong'ona mpaka kengele.