Kutoa Upepo Katika Breki za Land Rover ya Zamani: Kazi Iliyofanyika Makere

Katika njia itokayo Kasulu kwenda Kibondo, ambako vumbi jekundu la kiangazi na matope ya masika hupokezana kuyajaribu magari, Land Rover zilizoundwa Solihull, Uingereza, hazijatoweka kabisa, na fundi wa Makere aletewapo mojawapo hutakiwa awe na maarifa ambayo vijana waliozoea magari ya siku hizi aghalabu hawakuyapata. Gari ninalolichambua hapa ni 109 ya Series IIA, toleo lililoundwa baina ya 1961 na 1971, lililofikishwa gereji likiwa na dalili iliyo dhahiri kwa ajuaye kuisoma: dereva alipokanyaga pedali na kuishikilia, ilizama taratibu mpaka sakafuni, ilhali hapakuwa na gurudumu lililovuja wala mafuta yaliyopungua katika kopo. Vikombe vya mpira vilivyomo ndani ya masta silinda vilikuwa vimekwisha nguvu, na mafuta yaliyopasa kusukumwa magurudumuni yalikuwa yakirejea nyuma kwa kupita kando ya pistoni.

Masta mpya ilinunuliwa, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, kwa kuwa mfumo wa breki ukishafunguliwa huingiwa na hewa, na hewa, tofauti na mafuta, hushindilika. Mguu ukikanyaga, nguvu yake huishia katika kuibana hewa hiyo badala ya kuzisukuma shuu zikaigusa drami. Watu wengi hudhani kwamba kutoa upepo ni kazi ya mguu, na kwamba pedali ikipigwa sana breki zitapatikana tu. Mimi nasema kwamba kazi hii ya Makere ilifaulu kabla pedali haijakanyagwa hata mara moja.

Fundi hakuifunga masta ikiwa kavu. Aliibana katika jiliwa, kwa kiasi tu, ili chuma chake kisipindike, akaitia mafuta mapya, akawa anaisukuma pistoni kwa kijiti cha mbao, polepole, na kuiachia irudi yenyewe. Mapovu makubwa yalitoka kwanza, kisha madogo, kisha yale membamba ambayo hayaonekani ila jicho likikaribishwa. Naye hakuacha mpaka mafuta yalipopanda safi, ndipo akaziba tundu zake na kuipeleka garini. Hewa iliyobaki ndani ya masta ni taabu kuifukuza kupitia bomba refu liendalo gurudumu la nyuma, kwa sababu hewa hupenda kupanda, na bomba hilo hushuka.

Jambo la pili alilolifanya ni dogo kwa macho lakini kubwa kwa matokeo: aliupima mwanya ulio baina ya fimbo ya pedali na pistoni, akauacha takriban milimita 1.5. Mwanya huo ukikosekana, pistoni hairudi mpaka mwisho wa safari yake, njia ya mafuta kurejea katika kopo hubaki imezibwa, na baada ya mwendo mfupi breki hujibana zenyewe na drami zikawaka moto. Kisha akazirekebisha ajasta za magurudumu yote ili shuu zikae karibu na drami, maana shuu zilizo mbali humdanganya fundi. Pedali iliyo laini hata ikipigwa mara nyingi ina upepo. Ile ishukayo sana, lakini ikipigwa mara mbili ikapanda na kugoma, kasoro yake imo katika ajasta.

Hapo ndipo akamweka msaidizi kwenye usukani. Alianza na gurudumu la nyuma la kushoto, lililo mbali kuliko yote katika gari lenye usukani wa kulia, akafuata la nyuma la kulia, kisha la mbele la kushoto, na mwisho la mbele la kulia. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani ulichomekwa katika nipeli, ncha yake ya pili ikazamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo, ili hewa isipate njia ya kurudi. "Kanyaga! Shikilia!" Nipeli ikafunguliwa nusu mzunguko, mafuta meusi yakatoka pamoja na mapovu, ikafungwa, na ni baada ya kufungwa ndipo msaidizi aliposikia, "Achia!" Kopo lilijazwa kila mara kabla ya kufika chini, kwa kuwa likikauka mara moja tu, hewa huingia upya na kazi yote hurudiwa.

Magurudumu ya mbele yalidai subira zaidi, kwani kila moja katika 109 lina silinda ndogo mbili zilizounganishwa kwa bomba fupi, na hewa hujificha baina yake. Fundi alizigonga silinda hizo kwa mpini wa nyundo, kwa wepesi, na mapovu yaliyokuwa yameng'ang'ania yakajitokeza.

Mafuta yaliyotumika yalitoka katika chupa iliyofunguliwa siku ile ile, na katika hili sina suluhu na wanaobakiza chupa wazi rafuni. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na masika ya Kasulu yana unyevu mwingi: yale ya DOT 3, ambayo kipimo chake yakiwa makavu ni kutochemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishanyonya maji ya asilimia 3.7 huruhusiwa kushuka hadi nyuzi 140. Joto la namna hiyo si muhali kwa gari lililobeba mzigo likiteremka kutoka Heru Juu, na mvuke hushindilika kama hewa. Vilevile mafuta hayo hula rangi, hivyo bawa la gari lilifunikwa, na matone yaliyodondoka yakaoshwa kwa maji papo hapo.

Kabla ya kulitoa gari barabarani, fundi aliijaribu breki ya mkono. Katika Land Rover hii masta moja huhudumia magurudumu yote manne kwa njia moja, bila ya mgawanyo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari madogo mapya tangu 1968, hata bomba moja likipasuka pedali nzima haina kazi. Lakini breki ya mkono hushika drami iliyo nyuma ya giaboksi, kwa vyuma vitupu, bila ya tone la mafuta. Ilishika. Ndipo akaliondoa gari kwa mwendo wa kutembea, akafunga breki pale uwanjani, akaliongeza kasi, akafunga tena. Likasimama bila ya kuvuta upande, akashuka na tochi kukagua nipeli zote nne.