Juu ya kitabu «Chisungu»: nani atamfundisha msichana wa Lubumbashi?

Kitabu «Chisungu» cha Bibi Audrey Richards kilitolewa London mwaka 1956. Tungependa mapadri nao wakisome, si wataalamu wa desturi peke yao. Mwaka 1931 Mwingereza huyu alikaa kati ya Babemba, katika inchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia. Akaona kwa macho yake sherehe ya kuwaingiza wasichana wawili katika hali ya wanawake. Ilidumu siku 23. Aliandika yote: nyimbo, michezo, sanamu za udongo zinazoitwa mbusa, na kazi ya mama mkubwa wa mafundisho, nachimbusa. Mambo hayo si ya inchi ya mbali. Babemba, Balamba na Baushi wako huku na huku ya mpaka, na parokia zetu za Lubumbashi zimejaa wamama wa makabila hayo.

Mwandishi aliuliza swali lililo zuri kupita yote ya kitabu: msichana anafundishwa nini? Akaona kwamba mambo mengi anayofundishwa anayajua tayari. Anajua kulima na kupika, na mambo ya mwili hayakumpita yote. Tena mara nyingi amefunikwa nguo, hata hatazami vizuri yanayoonyeshwa. Basi siku 23 za nini? Jibu la Bibi Richards: hapewi habari mpya, anapewa mapashwa mapya, mbele ya wanawake wote, pamoja na lugha ya ndoa ambayo mtu wa inje haisikii. Wamama wale wanamkubali, na tangu siku ile wanajibu juu yake. Kwa maoni yetu, ukurasa huo unawahukumu wote wanaozania kwamba kumfundisha kijana juu ya mwili wake ni kumtajia majina ya viungo na magonjwa, kisha kengele inalia.

Lakini hatusifu yote. Mwandishi anatafuta faida ya kabila kuliko nafsi ya msichana mwenyewe; kama msichana amekubali au hakukubali, kitabu hakiulizi sana. Na mvulana? Babemba hawakuwa na sherehe kama hiyo kwa wavulana. Bwana arusi anakuja siku moja, anapiga mshale katika alama ya ukuta, juu ya kichwa cha bibi arusi. Mshale amepewa, mafundisho marefu hapana.

Tuje sasa katika mji wetu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, na katika miaka ya 1920 Union Minière ilianza kutaka wafanyakazi wakae kambini na bibi zao. Nyumba ya kambi ilikuwa ya bwana, bibi na watoto. Nkambo alibaki mugini. Na kwetu nkambo ndiye anayeruhusiwa kucheka na mjukuu na kumwambia yale ambayo mama hawezi kumtamkia binti yake, wala baba mtoto wake mwanaume.

Eklezya haikunyamaza juu ya jambo hili. Papa Pio XI, mwaka 1929, aliogopa mafundisho yanayotegemea elimu tu, yanayotolewa mapema kwa wote pasipo kuchagua. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1965, uliomba vijana wapewe mafundisho hayo kwa namna nzuri na ya busara, kwa kadiri wanavyokua. Papa Fransisko aliyaandikia sehemu nzima katika «Amoris Laetitia», mwaka 2016. Lakini maandiko hayo yanaweka kazi ya kwanza mikononi mwa wazazi, na hapa ndipo shida yetu inapoanza. Baba wa Katuba au mama wa Kenya akisikia neno hilo, anainamisha kichwa. Si mwoga. Ni heshima aliyofundishwa tangu utoto. Wakati yeye ananyamaza, binti anafundishwa na telefone, ao na mwanaume mwenye makuta.

Wengine watasema: basi turudishe chisungu. Haitoshi. Chisungu ilisema na msichana anayeingia karibuni katika nyumba ya bwana. Leo sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kuoza mtu asiyetimiza miaka 18, na ni vema. Msichana wa leo anapata siku zake, kisha anapashwa kungoja miaka mingi, na mafundisho ya kungoja hayamo katika mbusa.

Kinachoweza kurudi ni watu wenyewe, wamama wanaokubali kujibu juu ya mtoto asiye wao. Ngambo ya Zambia, Padri Corbeil alikusanya mbusa, zikawekwa katika nyumba ya makumbusho ya Moto Moto, Mbala. Na Bibi Thera Rasing ameandika juu ya wamama Wakatoliki wa Copperbelt wanaoendelea kufundisha wasichana. Parokia zetu zina wajane na wamama wazee wenye akili. Wachaguliwe, wapewe wasichana wachache wachache, na wazee wanaume wapewe wavulana.

Ndugu zetu mapadri wengine wanasema kuongea kunaamsha kilicholala. Wasome siku zile 23 pole pole, watuonyeshe msichana aliyekuwa amelala.