Jumla Iliyoandikwa Joomla

Jina ni mali. Mzazi humpa mtoto jina bila gharama, lakini mfanyabiashara akilipeleka jina lake kuandikishwa, hugeuka kuwa kama kiwanja chenye hati, na mwingine akikanyaga hushtakiwa. Nataka kulipima hapa jina moja lenye asili ya Kiswahili lililozunguka dunia, nalo ni Joomla.

Joomla ni programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti. Ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuichukua bure, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Hapo awali ilikuwa ikiitwa Mambo. Mambo ilianzishwa na kampuni ya Miro ya Australia, kisha ikaendelezwa na mafundi wa nchi mbalimbali kwa kujitolea. Mwaka 2005 Miro iliunda taasisi ya kuisimamia. Mafundi wakuu wakalalamika kwamba wahusika hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba baadhi ya masharti yalipingana na misingi ya programu huria. Tarehe 17 Agosti wakajitoa.

Hapo ndipo penye somo. Leseni iliwaruhusu kuondoka na programu yote, lakini si jina, kwa kuwa Mambo ilikuwa alama ya biashara ya Miro. Jasho lilikuwa la wengi, jina la mmoja. Tarehe 1 Septemba wakatangaza jina jipya, Joomla, kutokana na neno letu jumla, kwa maana ya wote pamoja. Mwezi huo huo wakatoa toleo la kwanza.

Je, walichagua vema? Tuanze na maana. Hapa Kiwangwa neno jumla halimtatizi mtu. Msimu wa mananasi, mwenye lori hununua kwa jumla, na msafiri anayeokota mawili matatu kando ya barabara hununua rejareja. Shuleni, jumla ni jibu la hesabu ya kujumlisha. Kwa Waarabu, ambao tulikopa kwao, neno hilo katika sarufi ni sentensi, yaani maneno yaliyoungana yakatoa maana. Lakini watu waliokutana kwa hiari kufanya kazi moja sisi hatuwaiti jumla. Tunawaita jumuiya, au ushirika. Jumla huhesabu, jumuiya huafikiana. Mananasi mia ndani ya lori ni jumla, lakini hayajakubaliana neno lolote.

Kasoro ya pili ni namna jina lilivyopatikana. Wanachama waliombwa mapendekezo, viongozi wakajihifadhia uamuzi wa mwisho, kisha wakachagua jina ambalo halikupendekezwa na wanachama. Kwa watu waliohama kwa sababu ya kutoshirikishwa, kutangaza neno la wote pamoja kwa njia hiyo hakupendezi.

Kasoro ya tatu ni tahajia. Herufi mbili za o ziliwekwa ili Mwingereza atamke u. Mtoto wetu wa darasa la kwanza, aliyekwisha kujua kusoma jogoo na choo, atasoma Jo-o-mla, kisha aulize huyo mla amekula nini.

Hata hivyo, kasoro hii ya tatu ina faida ambayo mwalimu wa lugha hana budi kuikiri. Joomla nayo leo ni alama ya biashara, mikononi mwa Open Source Matters, shirika lisilo la faida lililoundwa na mafundi wale wale. Wangeandikisha tahajia yetu sanifu, neno la sokoni lingewekewa ua. Kwa kulipotoa, wamejipatia jina lao na kutuachia letu. Linganisha na Disney, ambayo mwaka 2003 iliandikishiwa huko Marekani maneno Hakuna Matata kwa ajili ya fulana, herufi kwa herufi kama tunavyoyasema. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kupinga, na hasira yao ilieleweka.

Basi hukumu yangu ni hii: kwa maana, Joomla ni jina la wastani, kwa utaratibu, lina doa, kwa adabu ya kutotwaa cha watu, linastahili sifa.

Kwa vijana wetu, jambo kubwa zaidi ni lile lililowapata wenye Mambo. Kikundi kinapoanza kutengeneza programu, au hata kusindika juisi ya mananasi, watu hugawana kazi na gharama, na jina huachwa kwa yule aliyelitaja kwanza. Siku ya kugombana ndipo linapojulikana kuwa la nani. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na uandikishaji hufanywa BRELA. Andikeni mapema, tena kwa jina la kikundi, wakati bado mnacheka pamoja.