Babu Alikuja na Meli: Barua za Wakulima wa Kijerumani na Sisi Tunaoandika Habari za Ukoo

Marekani kuna aina ya kitabu ambacho hukikuti dukani: kitabu cha ukoo. Shangazi aliyestaafu ualimu, au mjomba asiye na kazi nyingi wakati wa baridi, hukaa miaka akikusanya majina, kisha huchapisha nakala chache na kuzigawa siku ukoo unapokutana kula na kupiga picha. Jaladani yupo babu mwenye ndevu na bibi asiyecheka. Ukurasa wa kwanza babu anapanda meli Bremen au Hamburg. Wa pili yuko Missouri, Iowa au Wisconsin anafyeka msitu. Wa tatu ana ng'ombe, ghala kubwa na watoto tisa. Baada ya hapo ni majina tu, yenye namba, mpaka mtoto aliyezaliwa juzi.

Tukikipima kitabu cha namna hiyo kwa mizani yetu ya darasani, fani na maudhui, kinaanguka mapema. Fani: orodha. Maudhui: babu alikuwa hodari. Mgogoro: hakuna. Jamani, watu wamevuka bahari, wamewaacha wazazi ambao hawatawaona tena, halafu eti hakuna mgogoro?

Nalisema hili kwa sababu hata miongoni mwetu, vijana tunaochapa kwenye kurasa kama hizi, hadithi ya babu imekuwa fasheni. Kila mtu ana babu shujaa. Basi hebu tuwaangalie hao Wajerumani wa Marekani, ambao karatasi wanazo tele, tuone karatasi zinasaidia wapi na zinadanganya wapi.

Kitabu kinachobishana na babu

Kitabu ninachotaka tukisome ni News from the Land of Freedom, kilichohaririwa na Walter Kamphoefner, Wolfgang Helbich na Ulrike Sommer. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1988, kwa Kiingereza mwaka 1991. Ni mkusanyo wa barua ambazo wahamiaji waliwaandikia ndugu zao waliobaki nyumbani. Wahariri wamezigawa katika makundi matatu: wakulima, wafanyakazi, na watumishi wa majumbani. Mimi nashika wakulima, maana ndio shina la vile vitabu vya ukoo.

Uzuri wa kitabu hiki ni kwamba wahariri hawakuziamini barua kwa macho yaliyofumbwa. Walimfuata mwandishi kwenye sensa na kumbukumbu nyingine, wakatuwekea maisha yake kando ya maneno yake. Kwa hiyo msomaji anashika vitu viwili mkononi: alichosema mtu, na alichoandika karani. Utamu wote uko kwenye nafasi iliyo kati ya hivyo viwili.

Tuanze na sababu ya kuondoka. Kitabu cha ukoo kitakwambia babu alitafuta uhuru. Sawa, wapo waliokimbia baada ya mapinduzi ya 1848 kushindwa. Lakini wakulima wengi walisukumwa na hesabu ya shamba. Kusini-magharibi, kama Baden na Württemberg, desturi ilikuwa kuwagawia watoto wote. Vizazi vitatu vikipita, mtu anabaki na vipande ambavyo kuku akiruka kidogo yuko kwa jirani. Kaskazini-magharibi, kama Westfalen, ilikuwa kinyume: shamba lilikwenda zima kwa mrithi mmoja, na ndugu zake wakabaki vibarua au wapangaji. Kumbe kugawana kunafukuza, na kutogawana kunafukuza. Huo ndio mgogoro, tena wa ndugu wa tumbo moja.

Kisha likaja neno lililochapwa. Mwaka 1829 Gottfried Duden alitoa kitabu kuhusu maisha yake Missouri, alikoishi kuanzia 1824 hadi 1827. Alisifu udongo, akasifu misitu, akasifu kuishi bila kusukumwa na watawala. Lakini yeye alikuwa na fedha zake, na kazi nzito ya kufyeka aliwalipa wengine wamfanyie. Watu wakasoma, wakauza vyombo, wakaondoka. Wengine walipofika na kukutana na visiki na homa, wakamlaani. Mwaka 1837 Duden akachapisha maandishi mengine ya kujishtaki mwenyewe na kuwatahadharisha watu. Wale mnaosema kijiweni kwamba fasihi haina nguvu, hapo mna kitabu kilichosukuma watu kuvuka bahari.

Baada ya vitabu, zikafuata barua zenyewe. Ndugu mmoja akifika, anamwita wa pili, mara nyingi na nauli anamlipia. Kati ya 1881 na 1890 peke yake Wajerumani zaidi ya milioni 1.4 waliingia Marekani. Muongo huohuo Carl Peters alikuwa ameshazungusha mikataba yake huku kwetu, Usagara na Uzigua, na wenye siasa za makoloni kule Berlin wakipiga debe. Mkulima hakushawishika. Alikwenda kwa shemeji yake Iowa, kwa sababu shemeji alikuwa ameandika.

Barua kama simu ya jirani

Barua zilizotoka Marekani zilitunzwa Ujerumani. Zile zilizokwenda Marekani nyingi zimepotea. Kwa hiyo sisi tumekaa kama mtu aliye pembeni ya anayepiga simu: majibu tunayasikia, maswali tunayakisia. Mtu akikana kwa ukali kwamba amewasahau wazazi, unajua mara moja barua iliyomfikia ilisema nini. Waandishi wa tamthilia, mbinu hiyo ya kumficha mzungumzaji mmoja muiibe.

Tena barua inajisifu. Hapa hakuna kumvulia bwana kofia, hapa nyama inaliwa kila siku: ndicho kiitikio cha barua nyingi za enzi zile. Sidhani kwamba ni uongo wote. Ila anayeandika anajua barua itasomwa kwa sauti jikoni kwa mama yake, jirani akiwepo. Angeandika kwamba amefeli? Wewe ungeandika?

Karani wa sensa naye ana uongo wake. Kuanzia sensa ya 1850 mpaka ya 1880 kulikuwa na daftari maalumu la kilimo. Mwenye shamba aliulizwa ekari zilizolimwa, farasi, ng'ombe wa maziwa, nguruwe, nafaka, mpaka ratili za siagi zilizotengenezwa mwaka ule. Unasoma: mzee fulani, siagi ratili mia kadhaa. Sasa hebu niambie, ni mzee yule aliyekuwa akisukasuka maziwa alfajiri? Siagi ilikuwa kazi ya mke na mabinti. Fedha yake ndiyo mara nyingi ilinunua chumvi, kahawa na viatu. Lakini kwenye karatasi imekaa mbele ya jina la mume. Mstari mmoja tu, na ndani yake mna mwanamke mzima aliyefichwa.

Jina nalo lisikulaghai. Wengi wanaamini babu alibadilishwa jina na karani wa Ellis Island. Kituo kile kilifunguliwa mwaka 1892, wakati Wajerumani wengi walikuwa wameshaingia, na makarani wake walifuata orodha zilizoandikwa na kampuni za meli kabla ya safari. Watu walijibadili wenyewe, polepole, Schmidt akawa Smith, Müller akawa Miller. Na huko Westfalen kulikuwa na jambo la ajabu zaidi: mwanaume akioa binti mrithi wa shamba, alichukua jina la shamba. Jina lilikuwa la ardhi. Mtu alipita tu. Mjukuu anayefuata jina akidhani anafuata damu anaweza kuishia kwa watu baki kabisa. Mimi kwangu hilo ni sitiari tosha, haihitaji kuongezwa chumvi.

Ardhi haikuwa tupu

Sasa niseme ugomvi wangu na mkusanyo huu, pamoja na sifa zote nilizoumwagia. Barua inampa nafasi yule aliyeshika kalamu. Aliyekuwapo pale bila kalamu anaingia pale tu mwandishi anapopenda aingie.

Chukua New Ulm, Minnesota, mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1854. Ardhi ile ilitoka kwa watu wa Dakota kwa mikataba ya mwaka 1851. Mwaka 1862 malipo waliyoahidiwa yalichelewa, njaa ikawakaba, vita vikalipuka Agosti. New Ulm ikashambuliwa, wakulima na familia zao wakauawa. Mwisho wa yote, tarehe 26 Desemba 1862, Wadakota 38 walinyongwa hadharani Mankato, na mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaamuru wenzao watolewe Minnesota. Mwaka huohuo wa 1862 ndio ilipopitishwa sheria ya kumpa mlowezi ekari 160 akizikalia na kuzilima miaka mitano. Kitabu cha ukoo kikisema babu alipewa ardhi, kiulize: na nani, na aliyekuwa ameikalia yuko ukurasa wa ngapi?

Au chukua Missouri, jimbo la utumwa mpaka Januari 1865. Wajerumani wengi wa huko walipinga utumwa, na wengi walipigana upande wa Lincoln. Heshima yao tuwape. Lakini tazama sensa ya 1850, ya kwanza kumwandika kila mtu huru kwa jina lake, hata mtoto mchanga. Katika sensa hiyohiyo na ya 1860, watumwa wamewekwa kwenye daftari lingine: umri, jinsia, rangi, chini ya jina la mwenye mali. Jina lao wenyewe, kwa kawaida, hakuna.

Ndiyo maana Alex Haley alipotoa Roots mwaka 1976, na filamu yake ya televisheni ikafuata 1977, ilikuwa kishindo. Wamarekani wa kila asili, hao Wajerumani wakiwamo, walikimbilia kwenye nyaraka kutafuta akina Kunta Kinte wao. Baadaye wataalamu wa nasaba walionyesha kwamba kumbukumbu haziungi mkono sehemu kubwa ya ukoo alioueleza. Wakosoaji wakashangilia. Mimi nauliza swali dogo: mwenye daftari lisilo na jina angeandika kwa nini, kama siyo kwa kubuni? Anayejaza pengo aseme tu kwamba anajaza. Na mjukuu wa Mjerumani mwenye karatasi zote, hicho kisingizio hana. Yeye akinyamaza, ameamua kunyamaza.

Sanduku lisilosomeka

Kimya kingine kimewapata wao wenyewe. Marekani ilipoingia vitani dhidi ya Ujerumani mwaka 1917, lugha ya mama ikageuka ushahidi wa uhaini. Aprili 1918 umati ulimnyonga mhamiaji Robert Prager huko Collinsville, Illinois, walioshtakiwa wakaachiwa. Mei mwaka huo gavana wa Iowa, William Harding, akatangaza Kiingereza peke yake shuleni, hadharani, kwenye treni, kwenye simu, hata kanisani. Fikiria bibi aliyejua sala kwa lugha moja tu. Nebraska ilipiga marufuku kwa sheria mwaka 1919 kuwafundisha watoto wadogo lugha za kigeni, mpaka Mahakama ya Juu ilipoitengua mwaka 1923 katika kesi ya mwalimu Robert Meyer. Lakini wazazi walikuwa wameshajifunza woga.

Matokeo yake? Wajukuu wana sanduku la barua wasizoweza kuzisoma. Lugha imepotea, na hata mwandiko wenyewe, ule wa zamani uitwao Kurrent, ni kama kuku amepita na wino miguuni. Mwandiko huohuo umo katika majalada ya utawala wa Wajerumani yaliyotunzwa kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwa hiyo kilio cha kutoweza kusoma kilichoandikwa juu ya babu si cha Iowa peke yake.

Katika sensa ya 1990 Wamarekani wapatao milioni 58 walijitaja kuwa wa asili ya Kijerumani. Wengi huandikia makanisa ya kule kutafuta ubatizo wa babu. Ni starehe nzuri. Lakini daftari hizohizo za ubatizo, baada ya 1933, ndizo Wajerumani waliobaki walilazimika kuzipekua ili kumthibitishia Hitler kwamba hawana bibi Myahudi. Karatasi ileile: huku zawadi ya sikukuu, kule hukumu. Anayesema nasaba ni mambo ya wazee wasio na kazi, alitafakari hilo.

Msimamo wangu

Msimamo wangu ni huu. Mti wa ukoo si hadithi. Hadithi inaanza pale mdomo na karatasi vinapobishana, na inakomaa pale mwandishi anapowatafutia nafasi waliokuwa ndani ya nyumba ile, au juu ya ardhi ile, bila jina. Mkusanyo wa barua niliousifu umefanya kazi ya kwanza vizuri sana. Ya pili umetuachia sisi.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye hadithi ya babu mezani, usiitupe. Irudie tu. Babu alikata msitu: wa nani? Alijenga nyumba: tofali nani alibeba? Alisomesha watoto tisa: ada ilitoka kwenye siagi ya nani? Ukimaliza hapo na babu bado ni shujaa, basi ni shujaa kweli, tutampigia makofi. Na anayeona nimewaonea mababu, kurasa ziko wazi, alete hoja yake.