Akauza Matano, Yakabaki Saba

Mchuuzi wa Landless, mjini Thika, alikuwa na mananasi. Akauza 5, yakabaki 7. Alianza na mangapi?

Mtoto wa Gredi ya 2 anayetatizwa na hesabu huona "akauza" akatoa papo hapo: 7 toa 5, jibu 2. Kutoa anakujua. Kilichomponyoka ni kisa, kwa hiyo kumrundikia maswali mengine ya kutoa hakumsaidii.

Thomas Carpenter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichunguza kwa miaka mingi jinsi watoto wadogo wanavyofikiri kuhusu hesabu za namna hii. Waligundua kwamba watoto huigiza kisa kwa vitu hata kabla ya kufundishwa kanuni. Ugumu hutegemea kilichofichwa. Mwisho ukifichwa, mtoto hufuata kisa tu. Mwanzo ukifichwa, hana cha kushika aanzie.

Kenya nayo ilijaribu dawa yake. Mradi wa PRIMR wa Wizara ya Elimu, uliofadhiliwa na USAID na kuendeshwa na RTI International hadi 2014, ulifika shule za Kiambu, kaunti uliko mji wa Thika. Walimu walipewa miongozo ya kila somo na wanafunzi vitabu. Wakufunzi wa maeneo waliingia madarasani, wakatazama, wakashauri. Baadaye mradi wa PRIEDE ulipeleka hesabu za madarasa ya chini katika shule za umma nchini kote.

Hata EGMA, kipimo cha hesabu za madarasa ya chini kilichotumika katika PRIMR, kina funzo. Maswali ya visa husomwa kwa sauti, mtoto akiwa na vihesabio mkononi, ili udhaifu wa kusoma usihesabiwe kuwa udhaifu wa hesabu.

Darasani, kazi huenda hivi. Mtoto husimulia kisa kwa maneno yake, bila kutaja nambari. Kisha hupanga vizibo 7 badala ya mananasi yaliyobaki, akarudisha 5 yaliyouzwa, akahesabu: 12. Ndipo huandika 12 − 5 = 7 na kueleza kila nambari inasimamia nini.

Darasa likiwa kubwa, watoto hufanya wawili wawili, mwalimu akizunguka kuwasikiliza. Wakishaelewa, hubadilisha kilichofichwa: mchuuzi alikuwa na 12, yamebaki 7. Ameuza mangapi?